Chakula cha mchana cha Jumapili kwenye trattoria ya samaki, pwani ya Marche: mwongozo kamili kwa familia

Familia ya watu saba inashuka treni Senigallia, mji wa pwani ya Marche nchini Italia, siku ya Jumapili, saa nane na dakika arobaini mchana. Bibi amechoka, watoto wana njaa, na hakuna aliyepiga simu. Trattoria ya kwanza, yaani mgahawa wa kifamilia, imejaa. Ya pili ina meza tupu, lakini mhudumu anatikisa kichwa: «La cucina è chiusa.» Jiko limefungwa. Wanaishia kula pizza ya vipande wakiwa wamesimama kando ya barabara, bahari ikiwa hatua mia mbili mbele yao.

Nimesimuliwa kisa hiki mara nyingi mno na ndugu na marafiki wanaoishi Bergamo, Bologna na Roma, miji tu ndiyo inayobadilika. Kuna na kile cha pili, kinachouma zaidi: meza imepatikana, samaki mzima ameagizwa bila kuulizwa uzito, na bili imemeza fedha za wiki nzima.

Yote mawili yanazuilika, na dawa yake kubwa ni simu moja ya siku ya Alhamisi. Hapa naeleza pwani ya Marche, kutoka Pesaro mpaka San Benedetto del Tronto, maana ndiko ninakokula. Ukienda Romagna au Abruzzo utaratibu ni huohuo, majina ya vyakula ndiyo yatakayobadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Andika haya kwenye karatasi au kwenye simu. Usiyabebe kichwani.

- Idadi kamili ya watu, watoto wachanga wakiwemo, na nani anahitaji kiti kirefu cha mtoto (seggiolone).
- Nani hali nini: mwenye aleji ya kamba au chaza, mjamzito, asiyetumia pombe, asiyekula nguruwe.
- Kiasi cha juu kabisa mnachoweza kulipa kwa meza nzima. Mkubaliane nyumbani, si mbele ya mhudumu.
- Kadi ya benki, pamoja na noti chache za euro endapo mtandao utasumbua.
- Saa za treni ya kurudi. Reli ya Adriatiki inapita kando ya bahari na inafika miji mingi ya hapa, lakini mabasi ya Jumapili ni machache.
- Fulana ya akiba kwa kila mtoto. Mchuzi wa kome hautoki kirahisi.

## Hatua ya 1: Chagua mji, kisha trattoria

Kila mji una chungu chake. Mkitaka brodetto, ule mchuzi wa samaki wa aina nyingi, jueni kwamba wa Ancona unapikwa kwa nyanya na siki, na desturi inataka samaki aina 13. Wa Porto Recanati hauna nyanya kabisa. Rangi yake ya manjano inatokana na zafarani ya mwituni. Wa San Benedetto unatiwa nyanya za kijani ambazo hazijaiva, pilipili hoho na siki, na una uchachu ambao mtu wa Mombasa au Tanga atauelewa mara moja. Fano nao wana wao, na wanautetea kwa moyo wote.

Mkipenda kome, nendeni Portonovo, chini ya mlima Conero. Kome wa mwituni wa huko wanaitwa moscioli, na msimu wao ni miezi ya joto. Angalizo: wakati wa kiangazi maegesho ya Portonovo hujaa tangu asubuhi. Mwenye gari awahi, la sivyo atazunguka mpaka meza ipewe watu wengine.

Kuna na jambo la msimu. Kila mwaka, kwa wiki kadhaa kati ya kiangazi na mwanzo wa vuli, boti za kukokota nyavu husimamishwa ili samaki wapate kuzaana. Wanaita fermo pesca, na tarehe hutofautiana kwa eneo. Trattoria nzuri hazifungwi kipindi hicho, ila zinategemea zaidi boti ndogo, kome na chaza. Ukiona menyu imejaa kila aina ya samaki «wa leo asubuhi» katikati ya fermo, uliza wametoka wapi.

Umefaulu kama: una trattoria mbili mkononi, moja ya kwanza na moja ya akiba, na umehakikisha zote zinafungua Jumapili mchana.

## Hatua ya 2: Piga simu Alhamisi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila anayerudi analalamika, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kwa nini Alhamisi? Boti za kukokota nyavu hupumzika mwisho wa wiki. Samaki wengi wa Jumapili huwa wameshanunuliwa Ijumaa. Mpishi anayejua Alhamisi kwamba watu wanane wanakuja na wanne wanataka brodetto, atanunua akiwahesabu ninyi. Anayepigiwa Jumapili asubuhi atawapa kilichobaki, na hapo hajawakosea.

Brodetto hasa haupikwi ghafla. Dome na pweza wanatangulia chunguni kwa kuwa ni wagumu, wenye nyama laini wanafuata mmoja baada ya mwingine, na chungu kinatikiswa badala ya kukorogwa ili samaki wasivunjike. Sehemu nyingi wanauandaa kwa oda ya mapema tu, na kwa watu wasiopungua wawili.

Piga kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Ukipiga saa saba mchana utamkuta mhudumu na sahani mikononi. Kama Kiitaliano chako ni cha kubabaisha, andika sentensi hizi uzisome taratibu:

- «Vorrei prenotare un tavolo per otto, domenica a pranzo, alle dodici e mezza.» Nataka kubuku meza ya watu wanane, Jumapili mchana, saa sita na nusu.
- «Siamo sei adulti e due bambini. Avete un seggiolone?» Tuko wakubwa sita na watoto wawili. Mna kiti cha mtoto?
- «Si può avere il brodetto per quattro? Quanto viene a persona?» Tunaweza kupata brodetto wa watu wanne? Kila mtu ni bei gani?
- «Alcuni di noi non bevono alcol e non mangiano maiale. Si può cucinare senza vino?» Baadhi yetu hawatumii pombe wala nguruwe. Mnaweza kupika bila mvinyo?

Sentensi ya mwisho isemwe kwenye simu, isingoje mezani. Pwani hii mvinyo mweupe humwagwa kwenye kikaango cha chaza, kwenye mchuzi wa kome, hata kwenye supu. Wengine huanza kupika michuzi yao asubuhi. Aliyeambiwa mapema atawatengea kikaango. Aliyeambiwa saa saba hana la kufanya.

Onyo la saa. Kosa hili limewapata watu wenye akili timamu, mimi nikiwa mmoja wao. Kichwani tunawaza «saa sita na nusu», kisha ulimi unatamka «alle sei e mezza». Kwa Mwitaliano hiyo ni saa kumi na mbili na nusu, na meza yenu itaandikwa jioni. Sema *dodici e mezza*, na mwombe mtu wa upande wa pili arudie.

Onyo la tarehe. Jumapili za Mei zina komunyo za kwanza za watoto, na ya pili yake ni sikukuu ya akina mama. Pasaka nayo, na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto. Kwa siku hizo simu ya Alhamisi imechelewa; piga wiki tatu kabla.

Umefaulu kama: wamelichukua jina lako na namba yako, wamerudia saa na idadi, na wamekutajia bei ya brodetto. Wengi siku hizi wanapokea pia ujumbe wa WhatsApp. Tuma, ili maneno yawepo kwa maandishi.

## Hatua ya 3: Fika kwa wakati, na wote pamoja

Jiko la mchana huanza kati ya saa sita na nusu na saa saba, na kwa kawaida hupokea oda za mwisho saa nane na nusu hivi. Baada ya hapo unaweza kuendelea kukaa, lakini hakuna kitakachopikwa.

Saa sita na nusu ni nzuri kwa familia yenye watoto: ukumbi bado umetulia na mhudumu ana muda wa kukusikiliza. Ikifika saa saba na robo, kila meza ina babu, wajukuu na mjomba anayezungumza kwa mikono miwili.

Mkichelewa robo saa, piga simu. Idadi ikipungua, piga pia: viti viwili vitupu Jumapili ni hasara kwa mwenye trattoria, maana amewafukuza wengine kwa ajili yenu.

## Hatua ya 4: Soma menyu kabla hamjasema lolote

Sehemu ziko nne. *Antipasti* ni vya kufungulia kinywa. *Primi* ni tambi na wali. *Secondi* ni samaki wenyewe. *Contorni* ni mboga na viazi, na haviji na samaki mpaka viagizwe. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kupitia zote. Wenyeji wenyewe mara nyingi wanachukua mbili.

Kisha tafuta alama tatu.

Nyota ndogo kando ya jina. Ina maana kitu hicho kiligandishwa. Si aibu, ngisi na kamba wengi hupitia barafu. Samaki wa kuliwa mbichi ndiyo lazima: sheria ya Ulaya inataka agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, ili kuua mnyoo wa anisakis. Hata hivyo, mjamzito aviache vibichi vyote.

«All'etto». Bei ni ya gramu 100, si ya sahani. Tutaizungumza Hatua ya 6, maana hapo ndipo fedha zinapopotelea.

«Coperto». Hii ni ada ya kila mtu anayekaa, kwa ajili ya mkate na utandikaji wa meza. Kwa kawaida ni euro 2 au 3. Lazima iandikwe kwenye menyu, na si bahashishi.

Aleji isemwe sasa tena, hata kama uliisema kwenye simu. Kanuni ya Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inataja vitu 14 ambavyo mgahawa unawajibika kuvijulisha, na samaki, jamii ya kamba na jamii ya chaza vimetajwa kila kimoja peke yake. Uliza pia mafuta ya kukaangia: viazi vya mtoto vinaweza kuwa vimetoka kwenye karai moja na kamba.

## Hatua ya 5: Agiza kwa meza, usiagize kwa kichwa

Kila mtu akichukua antipasto yake, primo yake na secondo yake, nusu ya chakula itarudi jikoni na bili itakuwa maradufu. Sisi tunajua kula sinia moja; itumieni akili hiyohiyo.

Kwa watu wakubwa sita na watoto wawili, mimi huagiza hivi:

- *Antipasto misto di mare* tatu, ziwekwe katikati. Mara nyingi ni visahani kadhaa, vya baridi kisha vya moto: dagaa wa siki, saladi ya pweza, kome, dome na njegere.
- *Primi* tatu za kugawana. Moja iwe spaghetti ya vongole, wale chaza wadogo wa mchangani. Mwambie mhudumu «al centro», yaani katikati.
- Brodetto ule wa watu wanne uliobukiwa, au samaki mzima mmoja. Viwili kwa pamoja ni vingi.
- *Fritto misto*, mchanganyiko wa vya baharini vya kukaangwa, moja kwa watoto na yeyote anayeogopa miiba.

Baada ya hapo funga menyu. Tumbo likiwa na nafasi, oda ya pili haina aibu.

Kwa asiyekula nguruwe kuna majina mawili ya kuangalia. *Raguse in porchetta* ni konokono wa baharini. Jina linatisha kwa sababu porchetta ni nguruwe wa kuoka, lakini hapa maana yake ni mapishi ya kitunguu saumu na shamari ya mwituni. Wapo wanaotia mafuta ya nguruwe, kwa hiyo uliza: «C'è maiale?» *Olive all'ascolana* ndizo za kukwepa hasa. Ni zeituni za kukaanga zilizojazwa nyama, na ya nguruwe huwamo. Watoto huzidaka kwa kuwa zinafanana na kababu ndogo za mviringo, na zinaletwa kwenye sahani moja na ngisi.

Menyu ya watoto mara nyingi ni *cotoletta* na chipsi. Nyama yake yaweza kuwa kuku, ndama au nguruwe, nayo iulizwe. Mtoto mdogo asiyetaka lolote mwombee *pasta in bianco*, tambi kwa mafuta ya zeituni tu. Hakuna jiko la Marche litakalokunyima.

Onyo: usiombe jibini juu ya tambi za chaza. Jibini huzima ladha ya bahari, na mpishi atahisi umemkatalia kazi yake.

## Hatua ya 6: Samaki mzima hupimwa mbele yako

Mhudumu ataleta samaki wabichi kwenye trei: *spigola*, *rombo* ambaye ni bapa, *triglie* ambao kwetu ni mkundaji. Huu ndio wakati wa kuuliza, kabla hajarudi jikoni. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, mwangalie samaki. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limezama. Anayejua kununua samaki feri Dar es Salaam au Malindi hahitaji kufundishwa hili.

Pili, uliza «Quanto pesa?» Ana uzito gani?

Tatu, uliza «Quanto viene in tutto?» Jumla yake ni shilingi ngapi, au tuseme euro ngapi.

Nne, uliza kama ni *pescato*, yaani amevuliwa baharini, au *d'allevamento*, wa kufugwa. Wote wanalika. Bei ndiyo isiyofaa kuwa moja.

Hesabu yenyewe ni hii. Menyu imeandika euro 6 all'etto. Msomaji mwenye haraka anaona sahani ya euro 6. Samaki ana gramu 1,200, yaani etti 12, kwa hiyo ni euro 72. Na uzito huo ni wa samaki mbichi mzima, kichwa, matumbo na miiba. Nyama itakayofika mdomoni ni karibu nusu yake.

Shemeji yangu alikuja kututembelea akaagiza wawili bila kuuliza. Sikumzuia, kwa kuwa nilidhani anajua. Tulilipa wote tukiwa kimya, na njiani hakuna aliyezungumza habari za chakula, ingawa kilikuwa kitamu. Tangu siku hiyo nauliza uzito hata mbele ya wageni wa heshima, na hakuna mhudumu aliyewahi kuninunia.

Akishaiva, mwambie mhudumu «Me lo può pulire?» Atamtoa miiba mezani au pembeni, bila malipo ya ziada. Watoto wapewe nyama ya mgongo. Nawe pitisha vidole kwenye kila kipande kabla hakijafika kwao.

Umefaulu kama: umetajiwa jumla kwa namba, nawe umeitikia «va bene» kabla samaki hajaondoka machoni pako.

## Hatua ya 7: Kula kwa mwendo wao

Kati ya sahani na sahani zaweza kupita dakika ishirini, hata thelathini. Hamjasahauliwa. Sahani inayofuata huanza kupikwa mnapokaribia kumaliza iliyopo. Kwa watoto njooni na karatasi na rangi. Mkubwa mmoja awatoe nje wakaone boti, kwa zamu.

Kome na chaza huliwa kwa mkono. Ganda tupu moja linatosha kuwa koleo la kunyofolea mengine. Lililobaki limefumba baada ya kupikwa, liache. Bakuli la maji lenye kipande cha limau ni la kunawa vidole, lisinywewe.

Mchuzi ukibaki, chukua mkate uupanguse. Wanaita *scarpetta*, na kwenye trattoria ya familia mpishi akiona sahani imepanguswa hufurahi. Brodetto usioliwa na mkate umeliwa nusu.

## Hatua ya 8: Vitamu na kahawa

Hapa pombe hujificha, kwa hiyo asiyetumia aulize kila kitu: «C'è alcol?» *Tiramisù* mara nyingine hutiwa marsala au ramu. *Zuppa inglese* ina pombe nyekundu iitwayo alchermes. *Sgroppino* inafanana na sharubati nzito ya limau, lakini ndani ina vodka au prosecco. *Panna cotta* yaweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Kwa wazee na watoto, matunda au *sorbetto al limone* ni salama, mradi mhudumu athibitishe.

Kahawa huja baada ya kitamu, haiji nacho, na ni ya rangi nyeusi kwenye kikombe kidogo. Cappuccino ni ya asubuhi. Ukiwa Fano utapewa *moretta*, kahawa nzuri sana kwenye glasi yenye ganda la limau. Ni ya wavuvi, na imechanganywa na pombe kali. Usimwagizie mama mkwe bila kumwambia.

## Hatua ya 9: Bili

Haitaletwa mpaka uiombe. Kumletea mgeni bili bila kuiomba ni kumfukuza, nao hawafukuzi. Sema «Il conto, per favore», na ianze safari kama nusu saa kabla ya treni yenu.

Isome mstari kwa mstari: idadi ya coperto ilingane na watu, primi ziwe tatu kama mlivyoagiza, samaki awe kwa bei uliyotajiwa. Kosa likiwepo, nyoosha kidole kwenye mstari uulize kwa upole. Jumapili mhudumu ana meza kumi na tano kichwani, na mara nyingi ni kuchanganya tu.

Bahashishi si lazima. Wakiwahudumia vizuri, euro chache zikiachwa juu ya meza zitapokewa kwa furaha. Risiti (*scontrino*) mtapewa, ichukueni.

Kilichobaki kinaweza kufungwa: «Si può portare via?» Fritto funga, tambi za chaza ziacheni, hazivumilii safari. Na unapotoka pitia jikoni, utaje jina ulilobukia na kumshukuru mpishi. Mwezi ujao ukipiga Alhamisi, jina hilohilo litakuwa limeshajulikana, na swali la mvinyo kwenye kikaango watakuuliza wao.